Maisha ya Archimède, mtu wa Syracuse



Ku darasa tukisikia jina la Archimède tunakumbuka fomula tu, juu ya mtihani. Mimi nilianza kutafuta maisha yake siku mama aliponunua ku soko bido ya mawese ya lita 20, iliyotoka upande wa Beni. Alitaka kuiuza kwa vikombe ili nilipe minervali. Mnajua Butembo ni baridi: mawese ilikuwa imeganda, na bido ni ya njano, huoni ndani. Tulipoipasha moto na kumimina, yalitoka mafuta mazuri, kiisha tukakuta chini maji matupu, karibu lita 4. Mama hakusema neno siku ile.

Archimède alizaliwa karibu mwaka 287 mbele ya Kristo, mu mji wa Syracuse, kisiwa cha Sisilia, ambacho leo ni sehemu ya Italia. Baba yake Phidias alikuwa mtu wa kuchunguza nyota. Yeye mwenyewe aliandikia barua Ératosthène, msimamizi wa maktaba kubwa ya Alexandria ku Misri, na huyo Ératosthène alikuwa mzaliwa wa bara letu, wa Cyrène.

Habari yake inayojulikana sana ni ya taji. Mfalme Hiéron alimpa fundi zahabu ya kutengeneza taji. Uzito ulirudi sawasawa, lakini watu walinong'ona kwamba fundi aliiba zahabu na kuchanganya fedha. Utajuaje bila kuvunja taji? Zahabu ina uzito wa mara 19 na zaidi kuliko maji ya nafasi ile ile, na fedha mara 10 na nusu tu. Kwa hiyo taji la udanganyifu, hata kama uzito ni sawa, linakuwa nene zaidi na kusukuma maji mengi. Wanasema aliona jambo hilo akiwa ku bafu, akakimbia uchi barabarani. Aliyeandika hayo ni Vitruve, Mroma, kama miaka 200 nyuma ya Archimède, na vitabu vya Archimède mwenyewe vilivyobaki havina hadithi hiyo. Mimi naamini mizani kuliko mbio. Kupima kitu kwanza hewani, kiisha mu maji, ni kazi inayofanyika hata leo katika biashara ya zahabu.

Alichoandika yeye ni kitabu cha vitu vinavyoelea, chenye sehemu mbili. Shauri lake: usipime kitu peke yake, kipime na maji yanayojaza nafasi ile ile. Tulete hayo ku bido ya mama. Kikombe kimoja cha maji kina gramu 200; mawese ya kikombe kile kile ni karibu gramu 180. Maji yakiwa katikati ya mawese, mafuta yanayoyazunguka yanaweza kuyabeba kwa nguvu ya gramu 180 tu. Gramu 20 zinazozidi zinayashusha. Tone kwa tone, mpaka maji iko chini yote na mawese iko juu.

Lakini uzito peke yake hautoshi. Pombe kali nayo ni nyepesi kuliko maji, ila ukiikoroga inachanganyika nayo na hairudi kujitenga. Mafuta na maji hayashikani, ndiyo maana hata ukitikisa bido yanarudi kila moja mahali pake.

Hata maji na maji yanaweza kulala kwa tabaka kama hakuna wa kuyakoroga. Ziwa Kivu lina kina cha metre 485. Maji yake ya chini kabisa ni ya moto kidogo kuliko ya juu, na sisi tunajua maji ya moto hupanda. Haya hayapandi, kwa sababu yamebeba chumvi nyingi na gazi karboniki, yakawa mazito. Ndani yake mna gazi hiyo karibu kilometre za ujazo 300, na metani karibu 60. Ku Ziwa Nyos, Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, gazi ilitoka chini usiku ikaua watu zaidi ya 1700. Mu Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia mu Kivu, lakini tabaka hazikupinduka. Watu wa Goma na Bukavu wanalindwa na uzito wa maji yale.

Archimède alikufa mwaka 212, Waroma walipoteka Syracuse. Mashine zake ziliwazuia muda mrefu. Askari mmoja alimwua, na jemadari Marcellus alihuzunika. Mwaka 1229 padri mmoja aliyekosa ngozi za kuandikia alikwangua kitabu chake, akaandika sala juu yake. Mwaka 1906 Heiberg, mtu wa Danemark, alikisoma ku Constantinople: maneno ya Archimède yalionekana bado chini ya sala.

Sasa mama hanunui mawese asubuhi. Anangoja jua la saa nane, iyeyuke. Anabeba mpira mweupe, ule wa mafundi wa nyumba wa kupima usawa. Anaziba juu kwa kidole gumba, anaushusha mpaka chini ya bido, anaachilia, anaziba tena, anauvuta. Muuzaji mmoja alikasirika sana. Wengine wawili walimwomba awaonyeshe.