Bibi wa Taa

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei mwaka 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali, nao wakampa jina la mji ule. Baba yake alimfundisha mwenyewe nyumbani, na mtoto akapenda sana hesabu.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliona moyoni mwake kwamba Mungu anamwita kumtumikia. Baadaye akatambua ya kuwa utumishi wake ni kuuguza wagonjwa. Lakini wazazi wake wakakataa kabisa, kwa kuwa siku zile hospitali zilikuwa mahali pachafu, na kazi ya kuuguza ilidharauliwa. Florence akangoja miaka mingi, akisoma habari za hospitali alfajiri wenzake walipokuwa wamelala. Mwaka 1851 akaenda Kaiserswerth katika nchi ya Ujerumani kujifunza kuuguza, na mwaka 1853 akawa msimamizi wa nyumba ya wagonjwa mjini London.

Mwaka 1854 Waingereza walikuwa wakipigana na Warusi katika nchi ya Crimea. Askari wenye majeraha walivushwa Bahari Nyeusi, wakaletwa Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Huko walilala chini sakafuni, hawana mashuka, wala sabuni, wala chakula kifaacho wagonjwa. Sidney Herbert, waziri, akamwomba Florence aende, naye akafika mwezi wa Novemba pamoja na wauguzi wanawake 38.

Matabibu hawakupenda kuwaona. Florence hakushindana nao, bali aliwaamuru wauguzi wake wangoje mpaka waitwe. Hawakungoja sana; kwani baada ya vita vya Inkerman majeruhi walikuja wengi mno, na matabibu wenyewe wakawaita. Usiku Florence alipita kati ya vitanda, taa mkononi. Ndiyo sababu watu wakamwita Bibi wa Taa.

Tena hakuwasahau jamaa za wagonjwa. Askari alipokufa, alimwandikia mama yake au mkewe habari za siku zake za mwisho. Wake wa askari waliofuatana na waume zao walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi, katika dhiki kubwa. Akawapa baadhi yao kazi ya kufua nguo za hospitali. Maofisa walidhani kwamba askari hajui kuweka fedha ila kuinywea pombe. Florence akapokea mishahara yao na kuipeleka Uingereza kwa watu wao, na fedha nyingi zikafika.

Hata hivyo wagonjwa walizidi kufa. Mwezi wa Februari mwaka 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa wapatao 42. Mwezi wa Machi wakaja mafundi waliotumwa na serikali, wakaona mifereji ya maji machafu chini ya nyumba imeziba. Wakaizibua, wakapaka kuta chokaa, wakafanya njia za kupitisha hewa safi. Ilipofika Juni walikufa wawili tu katika 100.

Florence akarudi kwao mwaka 1856, naye mwili wake umedhoofika kwa homa aliyoipata Crimea. Angaliweza kupumzika, lakini aliwakumbuka wale waliokufa bila sababu. Akazitwaa hesabu zao, akazichora kwa picha hata kila mtu aone ya kuwa uchafu na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Akazipeleka mbele ya wakubwa na Malkia Victoria, na kambi na hospitali za askari zikatengenezwa. Mwaka 1860 akaanzisha chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, na tangu hapo kuuguza kukawa kazi ya heshima.

Alikufa tarehe 13 Agosti mwaka 1910, mwenye umri wa miaka 90. Hakuzikwa pamoja na wakuu wa nchi, bali katika kijiji, na juu ya kaburi ziliandikwa herufi mbili za jina lake na miaka yake tu.

Basi, msomaji, huruma ya Bibi huyu haikuwa machozi tu. Alimshika mgonjwa mkono, kisha akatafuta kilichomwua jirani yake, akasema mbele ya wakubwa mpaka kikaondolewa. Nawe ukimwona mgonjwa, fanya yote mawili.