Tabibu Abu Bakari Ar-Razi

Abu Bakari Muhammad bin Zakariya Ar-Razi alizaliwa katika mji wa Rayy, nchi ya Uajemi, mnamo mwaka 251 wa Hijra, yaani mwaka 865 wa Miladi. Mabaki ya mji huo yapo hata leo kandokando ya Tehran. Katika ujana wake alipenda muziki, na wapo wasimuliao kwamba alikuwa hodari wa kupiga udi. Kisha akazama katika elimu ya kuyeyusha na kuchanganya madini. Utabibu aliuingia akiwa mtu mzima, amekwisha kupita miaka thelathini. Hata hivyo akawapita wengi waliomtangulia, akawekwa kuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, na baadaye mkuu wa hospitali mjini Baghdad, makao ya Khalifa.

Kuna kisa mashuhuri kwamba alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali Baghdad, alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za mji, akachagua pale ambapo nyama ilikawia kuoza. Kisa ni kitamu, lakini wanaokihusisha na hospitali kubwa ya Adud ad-Dawla wamesahau kuwa hospitali hiyo ilifunguliwa zaidi ya miaka hamsini baada ya Ar-Razi kufariki.

Yenye nguvu zaidi ni habari aliyoiandika Ibn An-Nadim, mwenye orodha kubwa ya vitabu ya karne ya 10, akiipokea kwa mzee wa Rayy. Ar-Razi alikuwa akikaa barazani, wanafunzi wake wakiwa mbele yake kwa safu. Mgonjwa aingiapo hueleza maradhi yake kwa safu ya mwisho. Wakijua dawa, humtibu. Wasipojua, hupelekwa safu ya pili, na jambo likiwashinda wote ndipo Ar-Razi mwenyewe husema. Alikuwa mkarimu, akiwapa maskini posho na kuwauguza. Akawaandikia pia kitabu cha dawa zipatikanazo kwa wepesi, kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu naye.

Zama hizo elimu ya tiba ilisimama juu ya vitabu vya Wayunani, hasa Bukrati na Jalinusi, na matabibu wengi waliona kuwa neno la Jalinusi limetosha. Ar-Razi alimheshimu Jalinusi kama mwalimu, lakini aliandika kitabu kizima cha shaka juu yake, akieleza kwamba wagonjwa aliowaona kwa macho yake, ambao homa zao hazikufuata yaliyoandikwa, walikuwa wengi. Basi akawa na desturi ya kuandika kila alichokiona kitandani pa mgonjwa, kando ya maneno ya wakubwa waliopita.

Mfano mmoja ni juu ya sarsamu, uvimbe wa utando wa ubongo. Alitaja dalili zinazotangulia: kichwa na shingo kuwa vizito na kuuma kwa siku kadhaa, kukimbia mwanga, kutokwa na machozi, kukosa usingizi. Kisha akasema kuwa kundi moja la wagonjwa wa namna hiyo aliwatoa damu mshipani, na kundi la pili akaliacha kwa makusudi ili apate kujua hakika. Wale walioachwa wakapatwa na sarsamu. Tiba ya sasa haiponyi maradhi hayo kwa kutoa damu. Wala Ar-Razi hakutaja idadi ya watu, na kuwaacha wagonjwa namna ile ni jambo zito ambalo leo lisingeruhusiwa bila ridhaa yao. Lakini swali lenyewe, yaani mgonjwa angekuwaje kama asingetibiwa, wachache mno walikuwa wameliuliza kabla yake. Zebaki nayo alimnywesha kwanza nyani wake, akaangalia yaliyompata.

Kitabu chake kijulikanacho zaidi ni kile cha ndui na surua. Waliomtangulia waliyataja maradhi hayo, lakini yeye aliyapambanua kwa urefu: maumivu ya mgongo huelekea zaidi ndui, na kichefuchefu pamoja na wasiwasi huzidi katika surua. Akasisitiza ulinzi wa macho na koo, kwani ndui ilipofusha wengi. Sababu ya maradhi alikosea, akidhani ni damu kuchemka kama maji ya zabibu. Ndui ya kawaida ilikoma Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetoweka.

Aliandika hata makosa yake. Alimtibu mtu aliyeitwa Abdallah bin Sawada, ambaye homa zake zilikuja bila mpango na mkojo wake ulikuwa wa mara kwa mara. Ar-Razi alisita: ama inageuka kuwa homa ya siku ya nne, ama kuna jipu katika figo. Siku si nyingi usaha ukatoka na mkojo. Akaandika wazi kwamba hakumwuliza mgonjwa kama alihisi uzito kiunoni asimamapo, na kwamba wingi wa mkojo ulipasa kumzindua mapema. Akampa dawa za kusafisha mkojo, kisha ubani pamoja na nyinginezo, na mtu akapona baada ya kama miezi miwili.

Katika falsafa alisema maneno yaliyopingwa vikali na wanazuoni, na mjadala huo una vitabu vyake. Mwisho wa umri wake macho yalipofuka. Yasimuliwa kwamba alipoletewa mtu wa kuyapasua, alimwuliza jicho lina tabaka ngapi. Mtu asipojua, akamkataza kuligusa. Alifariki Rayy, kwa kauli ya wengi, mwaka 313 wa Hijra, sawa na 925.

Daftari zake zilibaki kwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid akazinunua kwa mali nyingi, akawakusanya wanafunzi wa marehemu wazipange, na ndipo kilipopatikana kitabu kikubwa kiitwacho Al-Hawi. Mwaka 1279 Faraj bin Salim, Myahudi wa Sisilia, alikifasiri kwa Kilatini kwa amri ya Mfalme Charles wa Anjou, na mwaka 1486 kikapigwa chapa mjini Brescia, Italia.