Shoo ya Bob Marley Iliyoanza na Vitoa Machozi: Usiku Zimbabwe Ilipata Uhuru

Unaikumbuka shoo yako ya kwanza laivu? Sisemi ile ya kwa simu. Nasema ile ulimdanganya mathe unaenda kulala kwa beshte wako, ukafika mahali, spika zikakugonga kifuani hadi ukadhani moyo umehama. Sasa chukua hiyo hisia uiongeze mara kumi. Msanii ni Bob Marley. Usiku ni ule nchi yako inapata uhuru. Na wewe uko nje ya geti, umefungiwa, unasikia besi tu ikipita juu ya ukuta.

Hapo ndipo maelfu ya wasee walijipata usiku wa Aprili 17, 1980, nje ya uwanja wa Rufaro, mtaa wa Mbare, mjini Salisbury. Huo mji leo unauita Harare. Tutarudi hapo getini. Kwanza ujue huyu jamaa alifikaje huko, maana wengi wetu tunamjua kwa ile picha ya nyuma ya matatu na hatumjui kabisa.

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945, kijiji cha Nine Mile, Jamaica. Mathe wake, Cedella, alikuwa msichana mweusi wa kijijini. Baba yake, Norval, alikuwa Mzungu aliyemzidi mathe miaka mingi sana, na hakukaa kumlea. Kwa hivyo Bob alikua akiitwa majina pande zote: kwa weusi yeye ni mweupe, kwa weupe yeye ni mweusi. Akiwa na miaka kama 12 walihamia Kingston, wakaishia Trench Town. Kama umekulia ghetto huhitaji nikuchoree. Mabati, mfereji mmoja wa maji kwa watu wengi, na vijana wengi bila kazi.

Mathe alitaka kijana ashike kazi ya maana, akapelekwa kujifunza kuchomelea vyuma. Siku moja kipande cha chuma kikamruka jichoni. Jicho likapona, lakini kazi ya welding ikaishia hapo. Ni kama ajali ndiyo ilimpa ruhusa ya kuimba.

Mtaani kulikuwa na mwimbaji, Joe Higgs, aliyekuwa akifunza vijana uani kwake bila kuwalipisha. Bob alikuja na mabeste wake Peter Tosh na Bunny Livingston. Inasimuliwa kwamba Higgs aliwapeleka kuimba makaburini usiku wa manane. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ukiweza kuimbia wafu gizani bila kutetemeka, hakuna umati utakaokutisha. Weka hiyo akilini, itatusaidia tukifika Rufaro.

Hao watatu ndio mwanzo wa The Wailers. Mapema 1964 ngoma yao Simmer Down, ya kuwaambia vijana wa mtaa wapunguze moto, ilishika namba moja Jamaica. Doo je? Kidogo sana. Mwaka 1966 Bob alimuoa Rita, na siku chache baadaye akapanda ndege kwenda kwa mathe wake Delaware, Marekani, kuhasol. Akafanya kazi za mkono, ikiwemo shifti ya usiku kwenye kiwanda cha magari. Ndiyo, Bob Marley alikuwa mtu wa shifti. Akiwa huko ndipo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alizuru Jamaica, Aprili mwaka huo. Rita alimwona kwa macho yake, Bob akapitwa. Aliporudi nyumbani imani ya Rasta ikamwingia mzimamzima.

Mambo yalifunguka 1972 wakiwa London, wamekwama. Waliingia ofisi ya Chris Blackwell wa Island Records, naye akawapa pauni 4,000 waende nyumbani watengeneze albamu. Watu walimwambia hizo pesa ameshatupa. Vijana wakarudi na Catch a Fire, ikatoka 1973. Baadaye Peter na Bunny wakajitoa, na Bob akabaki mbele, nyuma yake Rita, Marcia Griffiths na Judy Mowatt, wale I-Threes.

Sasa sikia hii. Desemba 3, 1976, siku mbili kabla ya shoo ya bure Kingston, watu wenye bunduki waliingia kwake Hope Road wakamwaga risasi. Siasa za Jamaica wakati huo zilikuwa za damu, vyama viwili na magenge yao, na kila upande ulitaka kumwona Bob amesimama kwake. Risasi ilimkwaruza kifuani ikaingia mkononi. Rita alipigwa kichwani. Meneja akapigwa risasi kadhaa. Cha ajabu, hakuna aliyekufa. Wewe ungepanda steji baada ya hapo? Bob alipanda Desemba 5. Alikuwa amepanga kuimba ngoma moja, akapiga kama saa moja na nusu mbele ya watu kama 80,000, na Rita akaimba na bendeji kichwani. Baadaye akatorokea London. Alirudi 1978, na kwenye shoo ya Aprili 22 akawaita stejini Michael Manley na Edward Seaga, wale mahasimu wawili, akawashikanisha mikono juu ya kichwa chake. Nyuso za hao wanasiasa kwenye ile picha zinachekesha. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa hapo.

Afrika ilikuwa inamwita hiyo miaka yote. Mwaka 1978 alizuru Ethiopia, na 1979 akatoa albamu ya Survival, ndani yake ngoma inaitwa Zimbabwe. Hiyo nchi ilikuwa bado Rhodesia, na vijana wako msituni wakipigana. Ngoma za Bob ziliwafikia huko huko. Januari 1980 alipiga shoo yake ya kwanza barani, Gabon, kumbe amealikwa kuburudisha watoto wa wakubwa. Mwananchi wa kawaida hakuonekana. Ilimuuma.

Kwa hivyo mwaliko wa Zimbabwe ulipokuja, hakuuliza malipo. Alitoa pesa zake mwenyewe, vyombo vya muziki vikapakiwa kwa ndege kutoka London hadi Salisbury.

Rudi getini sasa. Ndani ya Rufaro kuna Prince Charles, Mugabe, Indira Gandhi na wageni wengine waheshimiwa. Usiku wa manane bendera ya Uingereza ishushwe, ile mpya ipande, kama vile ilivyokuwa kwetu Nairobi Desemba 1963. Nje kuna wananchi ambao hawakupewa nafasi kwenye sherehe yao wenyewe. Ikifika zamu ya The Wailers, besi inapiga, na umati wa nje hauwezi tena. Wanasukuma, wanaparamia ukuta, geti linaachia. Polisi wanajibu na vitoa machozi. Upepo unaigeuza ile gesi mpaka stejini.

Hebu pima hiyo. Umengoja uhuru maisha yako yote, na ndani ya saa ya kwanza ya uhuru unapigwa gesi kwa sababu ulitaka kuona shoo.

Bendi ikakimbia. I-Threes wakatolewa mbio, macho yanawaka, wakarudishwa hotelini. Walipowasha televisheni wakamwona Bob bado yuko stejini. Alikuwa wa mwisho kushuka, na moshi ulipotulia akarudi kumaliza. Yule mwalimu wa makaburini angejivunia. Baadaye aliwachokoza akina Rita kwamba sasa amewajua wanamapinduzi halisi ni kina nani.

Lakini ukiniuliza mimi, shoo yenyewe ni ya kesho yake. Bob angepanda ndege aende zake, hakuna mtu angemlaumu. Badala yake alikubali kupiga tena palepale Rufaro, kwa wale waliofungiwa nje. Bila wageni waheshimiwa wala kadi ya mwaliko. Uwanja ulijaa pomoni. Hao ndio watu aliowatafuta Gabon akawakosa.

Kitu ambacho hao mashabiki hawakujua ni kwamba jamaa alikuwa anakufa. Mwaka 1977 madaktari walipata saratani ya ngozi chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Walimshauri kidole kikatwe, akakataa, na imani yake ya Rasta ilikuwa sehemu ya sababu. Wakakwangua wakaweka ngozi nyingine, yeye akaendelea kucheza mpira na kuzunguka dunia. Juni 1980 alijaza San Siro, Milan, watu kama 100,000. Septemba alipiga New York siku mbili, kisha akaanguka akikimbia mazoezi Central Park. Saratani ilikuwa imefika kichwani. Hata hivyo alienda Pittsburgh, na Septemba 23, 1980 akapiga shoo yake ya mwisho.

Alipelekwa Ujerumani kutibiwa, rasta zikamwishia kichwani. Matibabu yalipogonga mwamba alitaka kufia nyumbani, ila hakufika. Ndege ilisimama Miami, na hapo ndipo alifariki Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Hakuacha wosia, na familia ikapelekana kortini miaka mingi kwa ajili ya mali. Alizikwa Nine Mile, kijiji kile kile alichozaliwa, mwaka mmoja na mwezi tu tangu ile besi ipite juu ya ukuta wa Rufaro.