Yidnekatchew Tessema: mfungaji mabao aliyepigania haki ya kucheza

Kama wewe ni mpenzi wa soka hapa Juba, huenda jina hili ni geni kwako. Muulize shabiki wa mpira kutoka Ethiopia, mjini au kule makazi ya Gorom, naye atakueleza kwa nini mtu huyu hasahauliki.

Yidnekatchew alizaliwa mwaka 1921 Jimma, kusini magharibi mwa Ethiopia. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwanamuziki maarufu. Yidnekatchew alikuwa kijana wa miaka 14 tu Italia ilipoivamia nchi yake mwaka 1935. Hadi wavamizi walipoondolewa mwaka 1941, Waethiopia waliishi chini ya sheria zilizowatenga weusi na weupe katika nchi yao wenyewe.

Baada ya hapo alijulikana kama mshambuliaji wa Saint George, klabu ya Addis Ababa. Aliichezea kwa miaka mingi, na kumbukumbu zinamhesabia mabao 318 katika mechi 365. Aliichezea pia timu ya taifa.

Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, mjini Khartoum. Nchi waanzilishi zilikuwa nne: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Lakini serikali ya Afrika Kusini ilitaka kuleta timu ya weupe peke yao au ya weusi peke yao. Wenzake walikataa, na Kombe la Mataifa ya Afrika la kwanza likachezwa na nchi tatu.

Mwaka 1962 kombe hilo lilifanyika Addis Ababa, na Yidnekatchew alikuwa kocha wa Ethiopia. Katika fainali Misri ilitangulia mara mbili, na mara mbili Ethiopia ikasawazisha. Katika muda wa nyongeza Ethiopia ilifunga mawili zaidi, ikashinda 4-2. Ndilo kombe pekee la Afrika ambalo Ethiopia imewahi kulitwaa kwa timu ya wanaume. Nahodha aliyelipokea, Luciano Vassalo, alizaliwa Eritrea, baba yake akiwa Mwitalia. Miaka ya baadaye, chini ya utawala wa Derg, Vassalo mwenyewe alilazimika kuikimbia Ethiopia na kwenda kuishi Italia.

Kazi kubwa zaidi ya Yidnekatchew ilifanyika nje ya uwanja. FIFA ilipokataa kuipa Afrika nafasi yake ya moja kwa moja katika Kombe la Dunia la 1966, yeye na Ohene Djan wa Ghana walikuwa mstari wa mbele katika mgomo. Nchi za Afrika zilijitoa. Mwaka 1970 bara letu lilipata nafasi moja, na Morocco ikaenda Mexico.

Mwaka 1972 alichaguliwa rais wa CAF. Aliendelea kuibana FIFA kuhusu ubaguzi wa rangi, hadi Afrika Kusini ikafukuzwa uanachama mwaka 1976. Aliongoza CAF mpaka alipofariki Agosti 1987. Hakuiona Afrika Kusini ikirudi mwaka 1992 na kulitwaa kombe la Afrika nyumbani mwaka 1996, weusi na weupe wakiwa timu moja.

Sudan Kusini ilijiunga na CAF na FIFA mwaka 2012. Mwezi Julai mwaka huo ilicheza mechi yake ya kwanza ikiwa mwanachama wa FIFA, hapa Juba, ikatoka sare ya 2-2 na Uganda. Mlango ulioingiwa na timu hiyo ulifunguliwa na watu kama Yidnekatchew.

Nawe unayepanga timu ya mtaa au ya makazi, unashika kazi ileile kwa kiwango chako. Kabla ya kuuliza kijana anatoka wapi au anasema lugha gani, mpe mpira umwone anavyocheza.