Ronald Ross

Ronald Ross (Almora, Uhindi, 13 Mei 1857 – London, Uingereza, 16 Septemba 1932) alikuwa daktari na mtafiti Mwingereza aliyethibitisha kwamba malaria huenezwa na mbu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1902, akawa Mwingereza wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya aina yoyote.

Vitabu vya shule humtaja kwa sababu ya mbu. Ni mara chache kutajwa kwamba alikuwa pia mtu wa kwanza kuandika milinganyo ya hisabati inayoeleza jinsi malaria inavyoenea, inavyodumu na inavyoweza kutoweka. Mwenyewe aliithamini kazi hiyo kuliko ugunduzi uliompa tuzo. Ingawa hakufanya kazi Tanganyika, hoja iliyomo katika hesabu zake imepimwa kwa macho katika vijiji vya wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake.

Utoto na masomo

Ross alizaliwa siku chache baada ya kuanza kwa uasi mkubwa wa askari wa Kihindi dhidi ya Waingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya kumi. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, hatimaye jenerali. Akiwa na umri wa miaka 8 alipelekwa Uingereza kulelewa na ndugu wa familia.

Kijana huyo alipenda ushairi, muziki, uchoraji na hesabu. Udaktari haukumvutia hata kidogo. Baba ndiye aliyeamua, na mwaka 1874 Ross akaingia hospitali ya St Bartholomew's mjini London kusomea tiba. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Mwaka 1881 alijiunga na Idara ya Tiba ya Uhindi, na kwa miaka mingi alitumia muda wake wa ziada kutunga mashairi na riwaya na kujisomea hisabati bila mwalimu. Kujisomea huko kulikuja kumfaa.

Ugunduzi wa mwaka 1897

Daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa ameona vimelea vya malaria katika damu ya wagonjwa nchini Algeria mwaka 1880. Lakini vilifikaje huko? Wengi bado waliamini kwamba homa hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1894, akiwa likizoni London, Ross alikutana na Patrick Manson, aliyemwonyesha vimelea hivyo kwa hadubini na kumshawishi achunguze mbu.

Alirudi Uhindi akapasua mbu mmoja mmoja kwa zaidi ya miaka miwili, mara nyingi akipasua aina isiyohusika. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, aliona vimelea katika tumbo la mbu wa Anofelesi aliyekuwa amemuuma mgonjwa wa malaria. Mgonjwa huyo alikuwa akilipwa senti za Kihindi, anna moja kwa kila mbu aliyemuuma. Mwaka uliofuata, akiwa Calcutta, Ross alifuatilia malaria ya ndege hadi kwenye tezi za mate za mbu, na hivyo njia nzima ikajulikana.

Nchini Italia, Giovanni Battista Grassi na wenzake walithibitisha jambo hilohilo kwa malaria ya binadamu mwishoni mwa 1898. Ugomvi wa Ross na Grassi kuhusu nani alistahili sifa ulidumu maisha yao yote na haukumpendeza yeyote aliyeutazama. Robert Koch, ambaye baadaye alikuja kuchunguza ugonjwa wa malale kwenye visiwa vya Sese, si mbali na Bukoba kwa njia ya ziwa, alikuwa upande wa Ross.

Kutoka hadubini hadi hesabu

Mwaka 1899 Ross alirudi Uingereza kufundisha katika chuo kipya cha tiba ya nchi za joto mjini Liverpool. Alisafiri Sierra Leone, Misri na kwingineko akihimiza vikosi vya kufukia madimbwi na kuua viluilui. Kwake jambo lilikuwa wazi: punguza mbu, malaria itapungua.

Wapinzani wake hawakuona hivyo. Katika kambi ya jeshi ya Mian Mir, karibu na Lahore, mazalia ya mbu yalishambuliwa kwa miaka kadhaa kuanzia 1901, na malaria haikupungua vya kutosha. Ikasemwa kwamba mbu wa nje huja kujaza nafasi ya waliokufa, na kwamba maadamu haiwezekani kumuua kila mbu, juhudi zote ni bure. Hoja hiyo ilikuwa hatari kuliko inavyoonekana. Serikali iliyotaka kuokoa fedha ilipata kisingizio cha kukaa kimya, na waliolipa gharama walikuwa watoto.

Ross aliona kwamba swali hilo halijibiwi kwa hadubini. Ni swali la idadi: mbu wangapi, wanauma mara ngapi, wanaishi siku ngapi, wagonjwa wanapona kwa kasi gani. Mwaka 1904, katika hotuba aliyoitoa St. Louis, Marekani, alikokotoa jinsi mbu wanavyotawanyika kutoka walipozaliwa. Alipotumwa kisiwani Mauritius mwishoni mwa 1907, ripoti yake iliyochapishwa 1908 ilikuwa na hesabu ya kwanza ya kuenea kwa malaria. Aliipanua katika kitabu chake kuhusu kuzuia malaria cha mwaka 1910 na toleo la 1911.

Matokeo yake yalikuwa haya: kuna kiwango fulani cha mbu kwa kila mtu ambacho chini yake malaria haiwezi kujiendeleza. Si lazima mbu waishe. Wakishushwa chini ya kiwango hicho, kila mgonjwa huacha nyuma yake pungufu ya mgonjwa mmoja, na ugonjwa hufifia wenyewe.

Mfano wa kijiji

Hoja inaeleweka bila milinganyo. Namba zifuatazo ni za kufundishia tu, si vipimo vya mahali popote.

Chukua kijiji chenye mgonjwa mmoja, anayeumwa na mbu 10 kila usiku kwa siku 30. Hao ni mbu 300. Tuseme nusu yao, yaani 150, wanachukua vimelea. Vimelea huhitaji siku kama 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla. Tuseme mmoja kati ya watano anafika, basi wanabaki 30. Kila mmoja akiuma watu wawili kabla ya kufa, tunapata kuumwa mara 60. Ikiwa mara moja katika kumi ndiyo inayoambukiza, wagonjwa wapya ni 6. Mmoja amezaa sita, na sita watazaa 36.

Sasa punguza mbu kwa nusu: wagonjwa wapya ni 3. Bado ugonjwa unakua, na mtu asiyejua hesabu atasema kazi imeshindikana, kama walivyosema Mian Mir. Punguza hadi chini ya sehemu moja ya sita, na sasa mgonjwa mmoja hazai hata mmoja. Mbu bado wapo, ila malaria inaondoka.

Fikiria pia chandarua. Kikipunguza kuumwa kwa nusu, mgonjwa anaumwa na mbu 5 badala ya 10, na kila mbu aliyeambukizwa naye anauma mtu mmoja badala ya wawili. Upungufu unaingia mara mbili, kwa hiyo 6 inakuwa 1.5, wala si 3. Mbu lazima aume mara mbili ili ugonjwa uhame, na ndiyo maana kiwango cha kuuma kimo katika mlinganyo wa Ross kwa kipeo cha pili. Dawa iliyo kwenye chandarua nayo ikipunguza wanaofikia umri wa kuambukiza kutoka mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya kumi, wagonjwa wapya wanakuwa 0.75. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa kipeo cha pili nje ya maumbo ya mraba hana haja ya kwenda mbali.

Miaka ya mwisho

Ross alipewa cheo cha Sir mwaka 1911 na kuhamia London mwaka uliofuata. Mtoto wake wa kiume aliuawa vitani Ufaransa mwezi Agosti 1914. Mwaka 1916 na 1917, akishirikiana na mwanahisabati Hilda Hudson, alichapisha nadharia pana zaidi ya magonjwa ya kuambukiza, si malaria pekee. Anderson McKendrick, aliyewahi kufuatana naye Sierra Leone akiwa daktari kijana, aliendeleza njia hiyo pamoja na William Kermack. Makala yao ya 1927 ndiyo msingi wa modeli zilizotumika katika mlipuko wa UVIKO-19.

Uzeeni alikuwa mtu wa manung'uniko, akiamini kwamba nchi yake haikumlipa inavyostahili. Taasisi iliyopewa jina lake ilifunguliwa London mwaka 1926, na humo ndimo alimofia. Mwaka 1934 iliunganishwa na Chuo cha Afya na Tiba ya Nchi za Joto cha London.

Macdonald na umri wa mbu

Hesabu za Ross zilisomwa na wachache wakati wa uhai wake. Aliyezifufua ni George Macdonald, mkurugenzi wa taasisi hiyohiyo ya Ross, katika makala za miaka ya 1950 na kitabu chake cha 1957. Wakati huo DDT ilikuwa imepatikana, na kwa mara ya kwanza iliwezekana kumuua mbu mpevu anapotua ukutani.

Macdonald alionyesha kwamba maisha ya mbu yana uzito kuliko idadi yao. Mbu 1,000 ambao 90 katika kila 100 huvuka siku hadi siku, baada ya siku 12 watakuwa wamebaki kama 282. Wakivuka 80 katika kila 100, watabaki 69. Tofauti inayoonekana ndogo kwa siku moja inakata robo tatu ya mbu wa hatari. Ross alikuwa na uhai wa mbu ndani ya mlinganyo wake, lakini nguvu zake nyingi alizielekeza kwenye viluilui, labda kwa sababu hakuwa na silaha ya kumfikia mbu mzee.

Muleba

Wilaya ya Muleba, iliyomegwa kutoka Bukoba, ina nyanda za juu zenye migomba na kahawa na pia mabonde yenye maji kuelekea Ziwa Viktoria. Baridi ya nyanda za juu huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, hivyo mbu wengi hufa kabla ya kuambukiza. Kwa lugha ya Ross, mahali kama hapo huweza kuwa karibu na ukingo. Ukija mwaka wa mvua nyingi na joto, mbu huongezeka, vimelea hukomaa upesi, na ukingo unavukwa ghafla kati ya watu wasio na kinga ya kutosha. Mlipuko wa 1997 hadi 1998, baada ya mvua za El Niño, ulikuwa wa namna hiyo. Mwingine ulifuata mwaka 2006.

Mwaka 2007 upuliziaji wa dawa ukoko majumbani ulianza Muleba, na malaria ilishuka. Lakini dawa iliyotumika ilikuwa ya jamii ya pairethroidi, zilizobuniwa kwa kuiga pareto, na jamii hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kwenye vyandarua. Baada ya miaka michache mbu wa Muleba walionekana kuwa na usugu mkubwa. Mbu aliyepaswa kufa akaishi, na wale 69 wakaanza kurudi kuelekea 282.

Jaribio la 2011 hadi 2012 lilibadilisha dawa ya ukutani. Palipokuwa na vyandarua pekee, wastani wa watoto wenye vimelea ulikuwa asilimia 26. Palipoongezwa upuliziaji, asilimia 13.

Kisha lilifuata jaribio la vyandarua vyenye PBO, kiambato kinachovunja kinga ya mbu ili pairethroidi ifanye kazi tena. Watafiti walitoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), chuo cha udaktari cha KCMC cha Moshi, na kile chuo cha London kilichomeza taasisi ya Ross. Vyandarua viligawiwa mwanzoni mwa 2015. Katika mwaka wa kwanza watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 29 kwa waliopewa vyandarua vya PBO na asilimia 42 kwa waliopewa vya kawaida. Kutokana na matokeo ya Muleba, Shirika la Afya Duniani liliruhusu vyandarua hivyo kutumika mahali penye usugu, mwaka 2017, kabla hata makala kamili haijachapishwa mwaka 2018.

Asilimia 29 bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu, tena nguvu ya PBO hupungua chandarua kinapochakaa na kutoboka. Modeli ya Ross huchukulia kwamba watu wote wanaumwa sawasawa, jambo ambalo si kweli kwa nyumba yenye uwazi kati ya ukuta na paa na jirani yake iliyozibwa. Utafiti huo uliendelezwa Misungwi, mkoani Mwanza, ambako vyandarua vyenye dawa ya pili, klorofenapiri, vilikinga watoto vizuri zaidi kuliko vya pairethroidi pekee. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022.