Frederick Banting, munganga aliyeachilia insulini kwa dola moja

Kila tarehe 14 novemba dunia inaadhimisha siku ya ugonjwa wa sukari. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mwaka wa 1891, katika shamba moja karibu na Alliston, jimbo la Ontario, inchi ya Kanada.

Insulini, iliyomupatia jina, ni proteini ndogo inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kupeleka ujumbe: inagusa seli za mwili na kuziamuru zipokee sukari iliyo ndani ya damu. Mutu asiye nayo anakula, lakini mwili wake unabaki na njaa. Mbele ya mwaka wa 1922, mutoto aliyepatwa na aina kali ya ugonjwa huo hakuwa na tumaini. Waganga walimupunguzia chakula ili apate miezi michache zaidi, na wengi walikufa wakiwa mifupa mitupu.

Banting hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Mwaka wake wa kwanza wa chuo kikuu alishindwa, kisha akaingia masomo ya uganga Toronto. Vita ya kwanza ya dunia ilimupeleka Ufaransa. Huko, karibu na Cambrai, mwezi wa septemba 1918, kipande cha bomu kilimuumiza mukono, lakini aliendelea kutibu askari wengine kwa saa nyingi. Alipewa medali ya ushujaa.

Amani ilimushinda kidogo. Katika 1920 alifungua kabine yake katika muji wa London, ule wa Ontario, na wagonjwa hawakuja. Mwezi wa kwanza alipata dola 4 tu. Ili aishi, alifundisha chuoni. Usiku wa kuamkia tarehe 31 oktoba, akitayarisha somo juu ya kongosho, alisoma makala moja na wazo likamujia: kufunga mufereji wa kongosho la imbwa, kungoja sehemu inayotoa maji ya kusaga chakula iharibike, halafu kutoa kile kinachobaki.

Profesa John Macleod wa Toronto hakushawishika sana, lakini alimupatia labo, imbwa kumi na mwanafunzi wa kumusaidia. Wanafunzi wawili walirusha sarafu ili kujua nani aanze, na Charles Best akapata zamu. Kazi ilianza mwezi wa mei 1921, katika joto kali, na Banting hakuwa na mushahara. Imbwa wengi walikufa. Banting aliuza gari lake. Mwisho wa mwezi wa julai, sukari ya imbwa mumoja mugonjwa ilishuka kisha kudungwa maji yaliyotoka kwa kongosho. Baadaye waliacha ule mufereji wa mwanzo kabisa, wakatumia kongosho za ngombe kutoka machinjioni.

Tarehe 11 januari 1922 walimudunga Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa na kilo 29 hivi. Matokeo yalikuwa mabaya: dawa ilikuwa chafu, na mahali pa sindano pakavimba. Aliyeokoa kazi hiyo ni James Collip, mutaalamu wa kemia, aliyeisafisha. Tarehe 23 januari walimudunga tena, na safari hii sukari ikashuka vizuri. Leonard aliishi miaka 13 zaidi.

Banting hakuwa mutu wa amani. Mwezi huohuo alimushika Collip kwa nguvu ndani ya labo, kwani aliogopa kwamba ataenda na siri yake. Nobel ya 1923 ilipotangazwa kwa Banting na Macleod, alikasirika kwa sababu Best aliachwa, na akamugawia nusu ya feza zake. Macleod naye akamugawia Collip. Ukweli ni kwamba bila Collip, kijana Leonard angekufa, na Banting hakupenda sana kulisema.

Kuhusu feza, hapo hakuna wa kumulaumu. Banting, Best na Collip waliachia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi kwa dola 1 kila mumoja, ili mutu yeyote asiifunge. Leo kampuni chache tu zinatengeneza sehemu kubwa ya insulini ya dunia, na wagonjwa wengi bado wanalia juu ya bei.

Tarehe 20 februari 1941, katika vita ya pili, Banting alipanda ndege ya kijeshi kwenda Uingereza. Ilianguka Newfoundland, katika theluji. Rubani alipona na akaenda kutafuta musaada. Aliporudi, alimukuta Banting amekufa. Alikuwa na miaka 49.

Insulini ya ngombe na nguruwe iliendelea kutumiwa miaka mingi. Mwaka wa 1978, watafiti wa California waliingiza jeni ya insulini ya mutu ndani ya bakteria, nazo zikaanza kuitengeneza. Mwaka wa 1982 Marekani iliruhusu wagonjwa wadungwe hiyo. Proteini hiyohiyo ya bakteria inatiwa leo katika chakula cha seli zinazokuzwa ndani ya labo, kwani bila ujumbe wake seli nyingi hazikui vizuri.