J. A. Hunter: Bunduki, Ardhi na Faru wa Makueni

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Mombasa, akishaipita Emali na kabla hajawasili Makindu, hufika mahali paitwapo Kiboko penye chemchemi na miti mirefu ya kivuli. Hapo ndipo John Alexander Hunter alipojenga hoteli katika uzee wake, ikaitwa kwa jina lake. Wengi wamelisikia jina hilo; wachache wanajua kwamba mwenyewe ndiye aliyewaua faru wa Makueni. Makala haya yananuia kuyasimulia maisha yake kwa muhtasari, na kuzitazama zana alizozitumia, kwani mwindaji hujulikana kwa chombo chake kama msusi ajulikanavyo kwa ukili wake.

Hunter alizaliwa mwaka 1887 kusini mwa Uskoti, katika familia ya wakulima. Tangu utotoni alipenda kuwinda kuliko kulima. Mwaka 1908 alikuja Afrika Mashariki. Miongoni mwa mizigo yake ilikuwamo bunduki ya Mauser yenye kipenyo cha 275, yaani milimita 7 hivi. Baada ya muda mfupi shambani, aliajiriwa kuwa gadi wa garimoshi katika reli ya Uganda, ile inayopita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Huko ndiko alikoanza kuwapiga simba na chui walioonekana kandokando ya reli, akagundua kuwa ngozi zao zina soko. Hatimaye aliacha kazi ya reli, akawa mwindaji wa kulipwa, mwenye kuwaongoza wageni matajiri safarini.

Mauser ile ni bunduki ya komeo. Mpigaji huinua mkono wa komeo, akalivuta nyuma, ganda tupu likaruka nje. Akilisukuma mbele, risasi nyingine huingia katika mtutu. Ubora wa muundo huo umo katika ukucha mrefu wa chuma unaokishika kitako cha ganda tangu risasi itokapo ghalani mwake hadi itolewapo, hata mikono ya mwindaji ikitetemeka kwa hofu. Udhaifu wake ni kwamba baina ya mlio na mlio pana kazi ya mkono. Katika mbuga wazi dosari hiyo si kitu. Katika vichaka vya Ukambani, ambamo faru hutokea hatua chache tu kutoka alipo mtu, nukta moja ni uhai. Ndiyo maana Hunter, kwa mawindo ya vichakani, aliipendelea bunduki nzito ya mitutu miwili, ambayo risasi yake ya pili haingoji komeo.

Hata hivyo hakuitupa bunduki ya komeo. Jina lake hutajwa pamoja na Gibbs ya 505, iliyobuniwa na George Gibbs wa Bristol mnamo mwaka 1911. Risasi yake ina uzito wa gramu 34 hivi, mara tatu au zaidi ya ile ya Mauser ya 275. Wanafunzi wa fasihi huenda wamekutana na bunduki hiyo katika hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936 kuhusu Francis Macomber, mikononi mwa mwindaji Wilson.

Kuchagua bunduki hakukuishia dukani. Kitako kilipunguzwa au kuongezwa ili kilingane na urefu wa mkono. Shabaha ilibadilishwa ili jicho liione upesi. Risasi nazo zilikuwa na elimu yake. Kwa simba ilifaa risasi yenye ncha laini inayotanuka mwilini. Kwa faru na ndovu ilihitajika iliyovikwa chuma kigumu, isiyopinda inapokutana na mfupa. Joto nalo lilikuwa adui, kwani baruti ya zama hizo ilizidi ukali ilipopata moto. Shinikizo likipanda, ganda hunasa na komeo hukataa kufunguka. Kwa sababu hiyo watengenezaji walibuni maganda makubwa yenye nafasi ya kutosha.

Wapo pia wawindaji waliojijazia risasi wenyewe: huliokota ganda lililotumika, wakatia fataki mpya, wakapima baruti kwa mizani, kisha wakasimika risasi. Kampuni ya Kynoch ya Uingereza ilipoacha kutengeneza risasi hizi kubwa katika miaka ya 1960, kujijazia kulikuwa ndiyo njia ya kuziokoa bunduki za aina hiyo zisigeuke mapambo ya ukutani. Aidha, msomaji atambue kwamba mtutu, kitako, ganda, fataki na baruti ni maneno ya Kiswahili ya siku nyingi. Lugha yetu haikungoja Mzungu awinde ndipo iijue bunduki.

Tuyarejee maisha yake. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilimtuma Umasaini kuwaua simba waliokuwa wakila ng'ombe. Baadaye aliingia Idara ya Wanyama, akawekwa Makindu. Kazi iliyolitia jina lake katika historia ya Ukambani ilianza mwaka 1944. Wakamba wa Machakos, ambao Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya yao hadi mwaka 1992, walikuwa wamesongamana katika ardhi iliyochoka. Serikali iliilaumu mifugo yao, na mwaka 1938 ilipoanza kuwanyang'anya ng'ombe, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi kupinga. Ikaonekana afadhali vichaka vya Makueni, vilivyojaa mbung'o na faru, vifyekwe ili watu wahamie. Hunter akaamriwa kuwaondoa faru. Kwa hesabu yake mwenyewe, kufikia mwaka 1946 alikuwa amewaua 996, ili zipatikane ekari 50,000.

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Hunter hakuvipita vichaka hivyo peke yake. Waliosoma nyayo na kumwonyesha njia walikuwa Wakamba. Hao walikuwa wana wa jamii iliyowinda kwa upinde na mshale wa sumu, na iliyopeleka pembe pwani tangu enzi za Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mashuhuri aliyeuawa mwaka 1851. Lakini mara baada ya kazi ya Makueni, mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 Mkamba aliyeingia humo na mshale wake alikamatwa kama jangili. Risasi ya serikali iliitwa maendeleo. Mshale wa mwenyeji ukaitwa uhalifu.

Hunter mwenyewe hakuwa kipofu. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 alijiuliza kama ardhi ile ilistahili kununuliwa kwa uhai wa wanyama wengi kiasi hicho, na hakudai kuwa na jibu. Alifariki mwaka 1963, mwaka wa uhuru wa Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Faru weusi, waliokadiriwa kuwa 20,000 mnamo mwaka 1970, walipungua wakawa chini ya 400 kufikia mwisho wa miaka ya 1980, hasa kwa ujangili wa pembe. Leo, baada ya jitihada kubwa, wako takriban 1,000 nchini kote. Idadi hiyo karibu inalingana na ile ambayo mtu mmoja aliiangusha Makueni kwa miaka miwili na ushei.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mfu. Familia zilizohamia Makueni zimelima, zimezaa na zimesomesha. Pengine baadhi ya wasomaji wa jarida hili ni wajukuu wao. Shibe yao ni ya kweli, na hasara ya faru nayo ni ya kweli. Lililo juu yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ni kwenda kwa wazee wa Makueni na Kitui wangali hai, tuyaandike majina ya wale wasoma nyayo. Jina la mwenye bunduki limekwisha kuandikwa. Ya wengi waliomwonyesha njia bado.